Kulisha na Kutazama Ndege Uani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwangu Kigamboni, Dar es Salaam, kuna kibao cha kulishia ndege kinachoning'inia chini ya mwembe, na beseni la maji la udongo hatua chache kutoka hapo. Kila mgeni akiingia huuliza, na maswali karibu ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Majibu ni ya pwani kwanza.

## Kuanza

Ndege wa porini wana chakula chao. Kwa nini niwalishe?

Hawakutegemei. Ukifunga safari ya mwezi mzima, hakuna atakayekufa njaa kwa sababu yako. Unaweka punje ili wasogee uwaone vizuri, basi.

Bibi yangu alilima mpunga Ifakara. Msimu wa kuamia ndege alipanda dunguni alfajiri na kopo lenye mawe, akashuka jua likizama, sauti imemkauka. Alipokuja kunitembelea na kukiona kibao changu, alikitazama kwa muda, akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga. "Mjukuu wangu, sisi tunawafukuza, wewe unawaita. Huna kazi?" Kwa hiyo ukichekwa, hutakuwa wa kwanza.

Nianze na nini, chakula au maji?

Maji. Kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, liwe hili.

Mtama huwaita walaji wa punje peke yao: shomoro, mnana, tetere na wenzao. Lakini anayekula wadudu, matunda au maji ya maua naye hunywa na kuoga. Wiki zangu za kwanza niliweka punje tu nikapata shomoro na kunguru. Siku niliyoweka beseni la maji, kabla ya saa nne walishafika shore wanne, wakaoga mpaka wakalowa chapachapa, na chozi mmoja, yule mnywaji wa maji ya maua, akawa anasubiri zamu juu ya tawi.

Beseni liwe pana na lisiwe na kina: sentimita 2 hadi 5 zinatosha. Weka jiwe katikati wapate pa kusimama. Chombo laini cha plastiki huwatelezesha. Udongo au saruji ni bora. Utaona na jambo la kufurahisha: shore huchota tone, akainua kichwa ndipo alimeze. Tetere huzamisha mdomo na kuvuta mfululizo, kama mtoto na mrija.

Maji hayo hayataleta mbu?

Yataleta, ukiyaacha. Dar es Salaam tulishaonja homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hupenda vyombo vidogo vya nyumbani kuliko madimbwi.

Dawa yake ni mazoea. Mwaga maji kila asubuhi, kisha sugua kingo za ndani kwa brashi. Kusugua ndiko watu wanakosahau: mbu huyu hubandika mayai ukutani juu kidogo ya maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Yai huchukua wiki hivi kuwa mbu kamili, kwa hiyo anayebadilisha maji kila siku hamwachii nafasi. Maji machafu nayamwagia mchicha.

Nitumie chombo gani kulishia?

Kibao cha sentimita 40 kwa 30, fito nyembamba pembeni punje zisimwagike, na matundu machache ya kupitishia maji ya mvua. Kining'inize kwa kamba nne au kikalie nguzo, urefu wa mita moja na nusu au mbili.

Wengi huanza na ungo wa zamani. Unapendeza kwenye picha, lakini hunyonya unyevu, na masika ikifika unaota ukungu ndani ya siku tatu.

Nikiweke wapi?

Karibu na kichaka au mti, lakini si ndani yake. Ndege anataka pa kukimbilia. Paka anataka pa kujificha. Mita mbili hivi kati ya kibao na kichaka huwaridhisha ndege na kumnyima paka. Kuhusu madirisha, soma swali la kioo huko chini kabla hujapigilia msumari.

Nimeweka siku tatu, hajaja hata mmoja. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Wape wiki mbili hadi tatu. Shomoro akishaanza, wengine hufuata kwa kumwona yeye.

## Chakula

Nafaka gani inafaa?

Mtama, uwele, ulezi na chenga za mchele. Uwele na ulezi ni kwa wenye midomo midogo, kama tongwa: kadogo kuliko shomoro, kichwa cheusi, tumbo jeupe, na hawaji chini ya watano. Mahindi yaparazwe kwanza. Punje nzima ni ya tetere na njiwa tu.

Kiasi ni konzi moja asubuhi, na nyingine jioni ukitaka. Kikibaki chakula usiku, umeweka kingi, na atakayekimaliza ana mkia mrefu na meno (tazama swali la panya).

Ni kweli mchele mbichi huvimba tumboni ukaua ndege?

Si kweli. Muulize yeyote aliyewahi kuamia mpunga.

Mabaki ya mezani je? Ugali, mkate, wali, chipsi?

Mkate haudhuru kwa kiasi kidogo ila haujengi mwili. Wali mweupe usio na chumvi unafaa, lakini kwa joto la Dar huchacha kabla ya adhuhuri. Ugali hugandana kwenye midomo na ndio mwaliko rasmi wa kunguru. Chipsi, sambusa na chochote chenye chumvi, hapana. Maziwa pia hapana, mwili wa ndege hauyawezi.

Matunda gani?

Papai ndilo mfalme. Kata nusu, lipigilie kwenye msumari mrefu, ulitazame kuanzia saa moja asubuhi. Shore watalifikia kwanza (kichwa cheusi chenye kishungi, manjano chini ya mkia), kisha kuzumburu, wale wa rangi ya vumbi wenye mikia mirefu, ambao hula huku wananing'inia kama nguo kwenye kamba. Ndizi iliyoiva sana, embe na pera vinafaa. Parachichi usiweke: lina sumu kwa ndege, hata kama wewe unalila kila siku.

Toa mabaki ya tunda kila jioni, la sivyo utapata sisimizi.

Karanga zilizochambuliwa sokoni, zile mbovu za bei rahisi, naweza kuwapa?

Hapana. Karanga na mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, na sumukuvu humharibu ndege ini kama inavyomharibu binadamu. Kigezo changu ni kwamba kisichofaa kwa mtoto wangu hakipandi kibaoni.

Nina mbegu za mahindi zilizobaki msimu uliopita, zenye rangi nyekundu. Je?

Usithubutu. Rangi ile imewekwa kukuonya kuwa mbegu imepakwa dawa ya wadudu au ya ukungu. Iwe nyekundu, bluu au kijani, ni ya kupanda tu. Usiioshe ukidhani itasafika, na usiwape kuku.

Nimeona Wamarekani wananing'iniza chupa za maji ya sukari. Chozi wetu atakunywa?

Atakunywa, ila chupa zile zimetengenezewa ndege mwingine, anayesimama hewani akipiga mbawa mbele ya ua. Huyo hayuko Afrika. Chozi wetu hupenda kukaa anapokunywa, kwa hiyo funga kijiti karibu na tundu la chupa.

Kipimo ni sukari nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu nne. Usitie asali, inachacha haraka na kuota ukungu, usitie rangi. Badilisha kila siku na uoshe chupa kwa maji ya moto.

Mimi niliacha baada ya miezi miwili. Kuosha kulinichosha, na shubiri niliyopanda ukutani ikitoa maua huleta chozi wengi zaidi bila mimi kunyanyua kidole. Mgomba nao hufanya kazi hiyohiyo: angalia ua lake jekundu linaloning'inia, saa za asubuhi.

## Wageni wasioalikwa

Kunguru wamenizidi. Nifanye nini?

Hili ndilo swali la pwani nzima. Mtofautishe kwanza. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe na hana fujo sana. Msumbufu ni kunguru wa India, mwembamba, shingo ya kijivu. Mombasa humwita kurabu. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka za mji, na tangu hapo ameshika ukanda wote wa pwani na sasa anapanda bara. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, ndiyo maana mitaa yenye kunguru wengi ina ndege wadogo wachache. Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Ukisikia idadi hiyo utaelewa kwamba manati yako haitamaliza tatizo.

Uani kwako fanya mambo matatu. Kwanza, ondoa kinachomleta: ugali, utumbo wa samaki, mifupa, ndoo ya taka isiyo na mfuniko. Pili, zungushia kibao waya wenye matundu ya sentimita 5 hivi. Shomoro na tongwa hupita, kunguru hubaki nje akitukana. Hasara yake ni kwamba na tetere hapiti, kwa hiyo mimi humwagia punje chache chini kwa ajili yake. Tatu, weka chakula kidogo kinachokwisha ndani ya saa moja.

Sumu usitege mwenyewe. Utaua mwewe, paka wa jirani, na pengine kuku watakaoliwa na mtu.

Na ukimrushia kunguru jiwe, ujue anashika sura. Kijana wa jirani yangu alimpiga mmoja, akatembea na kofia mwezi mzima.

Panya?

Panya hafuati ndege, hufuata punje zilizomwagika. Fagia chini ya kibao kila jioni, na nafaka ikae kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukiwaona mchana, simamisha kulisha kwa wiki mbili.

Paka wangu mwenyewe ndiye muuaji.

Mfungie ndani asubuhi hadi saa tatu na jioni kuanzia saa kumi, au uchague kati ya paka na kibao. Kengele shingoni husaidia kidogo tu.

Tumbili wanamaliza kila kitu.

Acha matunda kabisa, weka maji na nafaka kidogo. Tumbili akishajua kwamba kwako kuna papai, atahamia jikoni. Watu wa Diani wanalijua hili.

Kipanga amenyakua tetere kibaoni. Nimekuwa nikimnenepeshea?

Kwa namna fulani, ndiyo. Lakini kipanga naye ni ndege wa uani. Ukiona anarudi kila siku, acha kulisha siku nne au tano. Ndege watatawanyika naye atakwenda kwingine.

Kuna kandege keusi na keupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu kupita mwili. Kanafukuza wote!

Huyo ni dume la fumbwe, na fujo zake hazilingani na mwili wake. Nimemwona akimtoa tetere kibaoni. Mkia ni wa msimu wa kuzaliana tu. Ukipita unadondoka, naye anabaki na michirizi ya kahawia kama jike lake, humtambui tena. Jike hajengi kiota: hutaga kwenye kiota cha mshigi, ndege mwingine mdogo, akamwachia huyo kazi ya kulea makinda.

Tawanya chakula sehemu mbili zisizoonana. Hawezi kulinda zote, ingawa atajaribu.

Nikiweka mtama, sitawaletea majirani kweleakwelea?

Hapana. Kweleakwelea husafiri kwa makundi makubwa wakifuata mbegu za nyasi na mashamba yaliyoiva. Konzi moja chini ya mwembe haiwashughulishi. Mmoja hula gramu 10 hivi kwa siku, ambayo si kitu, mpaka uzidishe kwa milioni: hizo ni tani 10. Hata hivyo, kama unapakana na shamba la mpunga au mtama, usiweke nafaka msimu wa mavuno. Mnana na tongwa nao hula mpunga, na jirani aliyekaa dunguni tangu alfajiri hatafurahia burudani yako.

## Kutazama

Saa gani ni nzuri?

Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi jioni. Mchana hata wao wako kivulini. Saa bora kuliko zote haina ratiba: baada ya mvua, kumbikumbi wakitoka. Acha unachofanya uketi. Ndege ambao hawajawahi kugusa kibao chako watajaa uani, na hata shomoro atakuwa anadaka hewani.

Nahitaji darubini?

Kwa kibao kilicho mita tano, macho yanatosha. Ukitaka kununua, tafuta iliyoandikwa 8x42: hukuza mara nane, na kioo cha milimita 42 huingiza mwanga wa kutosha asubuhi. Zile za kukuza mara ishirini hutetemeka mkononi.

Nitajuaje majina yao?

Kenya na Tanzania kila moja ina zaidi ya aina 1,000, lakini uani kwako hawatazidi thelathini. Anza na hao. Andika kwenye daftari ukubwa (mdogo au mkubwa kuliko shomoro?), mdomo, mkia na alichokuwa anafanya, rangi iwe ya mwisho, kwa sababu jua huidanganya. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell ni ya bure na hupendekeza jina ukiipa picha.

Majina ya Kiswahili yatakuchanganya. Jina moja hubeba ndege watatu, na ndege mmoja ana majina matatu kutoka Lamu hadi Mtwara. Usigombane na mtu. Mwonyeshe ndege mwenyewe.

Ukiwa Nairobi, kuna matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya, yaliyoanza mwaka 1971. Utajifunza zaidi hapo kwa siku moja kuliko kwangu kwa mwezi.

Ndege wameacha kuja ghafla. Wamekufa?

Tazama kalenda kwanza. Masika nyasi zimejaa mbegu na wadudu wako kila mahali, nani atafuata mtama wako? Watarudi kiangazi. Kama ni kiangazi na bado hawaji, tafuta paka, kipanga au chakula kilichovunda, kwa mpangilio huo.

## Usafi na magonjwa

Kibao kisafishwe mara ngapi?

Mara moja kwa wiki. Kwangua kinyesi, osha kwa sabuni, kisha jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, suuza vizuri, anika juani kikauke kabisa. Nawa mikono. Ukiona ndege aliyejikunyata, manyoya yamevimba, haruki ukimkaribia, ondoa chakula wiki mbili: kibao kinachokusanya ndege hukusanya na magonjwa yao.

Nafuga kuku. Kuna hatari?

Ipo, na hapa nakuwa mkali. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hushambulia ndege wa aina nyingi, wakiwemo njiwa. Kibao kisiwe juu ya banda wala karibu nalo, ndege wa porini wasinywe kwenye chombo cha kuku, na kuku wapate chanjo kwa wakati. Ukiokota ndege kadhaa waliokufa siku moja, usiwashike kwa mikono mitupu. Mpigie afisa mifugo wa kata.

## Mambo ya nadra

Ndege anapigana na dirisha langu kutwa nzima.

Anamwona mpinzani: ni yeye mwenyewe. Hutokea zaidi msimu wa viota. Funika kioo kwa nje kwa gazeti kwa wiki moja. Cha gari kivishe soksi. Wanaogonga kwa kasi ni shida nyingine: wanaona taswira ya miti wakidhani ni njia. Kibao kikae chini ya mita moja kutoka kwenye kioo, wasipate mwendo wa kujiumiza, au mita kumi na zaidi.

Kinda limeanguka. Nikiligusa, mama yake atalikataa?

Hatalikataa. Kama halina manyoya, lirudishe kiotani. Kama lina manyoya na linarukaruka, liko shuleni. Liweke kichakani, mfungie paka, uondoke. Usilidondoshee maji mdomoni, utalipalia.

Naweza kumfuga mmoja kwenye kizimba?

Si bila kibali. Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na Kenya ina yake ya 2013. Watoto wenye ulimbo na manati wako chini ya sheria hiyohiyo, ingawa mimi nimeona kuwaazima darubini kunafanya kazi zaidi.

Bundi ametua kwenye paa usiku wa tatu sasa. Mama mkwe anataka tuhame.

Shikamoo yake mama. Mwambie kwa heshima kwamba bundi amefuata panya wanaofuata punje zako, na ukimwacha atawapunguza. Ukitaka aondoke, rudi kwenye swali la panya: wakiisha, na yeye hana cha kusubiri.

Ndege wa aina zote wanapiga kelele pamoja juu ya tawi moja. Kuna nini?

Nenda, lakini nenda polepole na utazame juu kabla ya kukanyaga chini. Shore wakikusanyika wakipaza sauti hivyo, mara nyingi kuna nyoka, bundi au paka. Kwangu walinionyesha nyoka wa kijani kwenye mwembe, mita moja juu ya kiti nilichozoea kukalia.

Nimeona ndege mwenye pete ya chuma mguuni.

Umebahatika. Pete hiyo ina namba, na kazi yake ni kujua ndege anatoka wapi na kufika wapi. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969. Piga picha mpaka namba isomeke, andika tarehe na mahali, na upeleke taarifa Makumbusho ya Taifa Nairobi hata kama uko Tanzania. Kama ndege yuko hai, pete ibaki mguuni.